Matarishi wa Mwili

Kwetu Olumbi, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, mtoto akichemka wakati wa mvua, watu husema kwamba vijidudu vya malaria vinamchoma. Darasani nilijifunza kwamba anayewasha moto ule ni mwili wenyewe. Nataka kuwaeleza wenzangu jinsi ilivyo.

Vijidudu vikiisha kutiwa mwilini na mbu, hukaa kwanza katika ini, kisha huingia katika chembe nyekundu za damu. Humo huzaana hata chembe zikapasuka. Kwa aina iliyo nyingi kwetu, falsiparamu, ni kama kila saa 48. Takataka zinazomwagika huonwa na chembe nyeupe, yaani askari wa mwili. Lakini askari hawa hawana kinywa, wataitanaje? Hutuma matarishi. Nao ni protini ndogo ziitwazo saitokini. Kila tarishi hushika mahali pake juu ya chembe nyingine, kama ufunguo katika kufuli, na chembe ile hutii amri.

Interferoni gama huwaamsha askari walao vijidudu. TNF na interlukini ya 6 hupeleka habari mpaka ubongoni, na ubongo huongeza joto; ndiyo homa. Interlukini ya 10 husema, "Basi, yatosha." Kazi yake ni kubwa, maana matarishi wa vita wakizidi, mwili hujidhuru wenyewe, na malaria huweza kuwa kali. Elimu hii si ya kale sana: interferoni iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann.

Faida yake niliiona nyumbani. Mdogo wangu alishikwa na homa, tukampa parasetamoli. Asubuhi alikuwa amepoa, nasi tukafurahi. Kumbe dawa ile ilizuia tu amri ya matarishi isitimizwe ubongoni; haikuua kijidudu hata kimoja. Usiku wa pili alitetemeka, asiweze kusimama. Bibi alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Alipimwa damu, akapewa dawa ya artemeta na lumefantrini, akapona.

Basi, ndugu wasomaji, homa ni sauti ya mlinzi anayepiga kelele. Mpozeni mtoto, lakini msimnyamazishe mlinzi mkalala. Mpelekeni akapimwe damu siku ile ile.