MAFUNZO YA KAZI ZA MIKONO: CHOMBO NDANI YA CHUPA

Mtu aonapo mara ya kwanza chombo cha matanga kimesimama ndani ya chupa, na milingoti yake ni mirefu kupita upana wa shingo ya chupa, huuliza: kimeingiaje? Wengine hudhani kwamba chupa ilikatwa kitako, kisha ikaunganishwa. Wengine hudhani kwamba kioo kilipulizwa kukizunguka chombo. Lakini moto wa kuyeyusha kioo ungaliteketeza miti na nyuzi zote. Kwa kweli chombo hupita shingoni. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa waalimu, jinsi kazi hii ifanywavyo.

Ufundi huu ni wa zamani. Kabla ya kutia vyombo vya bahari, watu wa Ulaya ya kati walikuwa wakitia chupani mifano ya machimbo ya madini na ya mambo ya dini. Fundi mmoja aliyesifika alikuwa Matthias Buchinger, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1674, hana viganja wala miguu. Chupa yake moja ina tarehe ya mwaka 1719. Katika mji wa Lübeck, Ujerumani, kimehifadhiwa chombo cha chupani chenye tarehe ya mwaka 1784, nacho huhesabiwa kuwa cha kale kuliko vyote vyenye tarehe. Katika karne ya 19 chupa za kioo cheupe zilipokuwa nyingi na za bei rahisi, mabaharia wa merikebu za matanga waliishika kazi hii katika saa zao za mapumziko, maana safari zao zilichukua miezi mingi.

Neno la kushika kwanza ni hili: karibu kazi yote hufanywa nje ya chupa. Ndani hufanywa mambo manne tu: kulaza bahari, kukalisha chombo, kusimamisha milingoti, na kukata nyuzi. Na tueleze kwa taratibu, tukitwaa mfano wa chombo chenye milingoti 2.

1. Vipimo. Pima upana wa shingo kwa ndani, na kimo cha tumbo la chupa. Kama shingo ina robo tatu ya inchi, mwili wa chombo usizidi nusu inchi kwa upana, maana matanga na nyuzi vitalala juu yake. Kama kimo cha tumbo ni inchi 3, na bahari itatwaa nusu inchi, milingoti ya inchi 2 yatosha. Chonga mwili kwa mti laini, usugue kwa msasa, upake rangi. Watazamaji husifu matanga, lakini wazee wa pwani wamenena, Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwili ukizidi kipimo, uzuri wa matanga haufai kitu.

2. Milingoti. Toboa tundu dogo la kukingama karibu na kitako cha kila mlingoti. Pitisha waya mwembamba, uukunje ncha zote mbili kwenda chini, kisha uzipige katika sitaha. Hiyo ndiyo bawaba, nayo yauwezesha mlingoti kulala upande wa tezi na kusimama tena.

3. Nyuzi. Funga nyuzi kutoka kilele cha mlingoti hata ubavu wa kulia na wa kushoto, nyuma kidogo ya kitako cha mlingoti. Mlingoti ukilala, nyuzi hizo hulegea. Ukisimama, hukazika na kuuzuia usianguke mbele. Kisha funga uzi mrefu katika kilele cha kila mlingoti, uupitishe katika tundu lake kwenye mlingoti wa maji, yaani mti ule uliolala na kutokeza mbele ya omo. Nyuzi hizi ndefu ndizo zitakazobaki nje ya chupa.

4. Matanga. Yakate kwa karatasi nyembamba. Kila tanga libandikwe kwa gundi upande ulioshika mlingoti tu, lipate kuzungushwa mlingotini wakati wa kupita.

5. Jaribio. Fanya pete ya karatasi ngumu yenye upana wa shingo ya chupa. Laza milingoti, upitishe chombo petени, kisha uvute nyuzi. Rudia mara nyingi. Uzi ukikwama sasa, utaufungua kwa dakika moja. Ukikwama ndani ya chupa, kazi ya majuma mengi imepotea.

6. Bahari. Chukua chaki iliyosagwa na kukandwa kwa mafuta ya kitani, kama ile ambayo mafundi hushikizia vioo vya madirisha, uitie rangi ya buluu. Iingize kidogo kidogo kwa kijiti kirefu, bila kugusa kuta za chupa, uifanyie mawimbi.

7. Kuingiza. Tanguliza tezi, omo ielekee shingoni. Kandamiza chombo katika bahari, uache siku kadhaa hata kishike imara. Ndipo uvute nyuzi polepole, moja baada ya moja, na kunyosha matanga kwa waya. Tia tone la gundi katika matundu ya mlingoti wa maji. Gundi ikikauka, kata nyuzi kwa kipande cha wembe kilichofungwa katika ncha ya waya. Usizibe chupa upesi, maana mvuke wa mafuta utatia ukungu katika kioo.

Shule za pwani zaweza kufanya jahazi badala ya merikebu. Yatosha foromali igeuzwe ilale sawasawa na mlingoti wakati wa kupita.

Twawaomba waalimu wasimwondoe katika kazi hii mwanafunzi mwenye vidole vizito. Buchinger hakuwa na viganja, na chupa yake ingaliko. Mwanafunzi afundishwe kupima kabla ya kukata, na kujaribu maadamu kosa laweza kusahihishwa. Uzi ukiisha kukatwa, hakuna mkono uwezao kuingia chupani kutengeneza kilichoharibika.