Sheria, Mjeledi na Chimbuko la Fikra za Kiliberali miongoni mwa Wasomi wa Urusi

Chimbuko la uliberali nchini Urusi mara nyingi hutafutwa katika vitabu vya Kifaransa vilivyosomwa kwenye kasri la Malkia Catherine wa Pili. Ushahidi upo: Maagizo aliyoiandikia Kamati ya Kutunga Sheria mwaka 1767 yanachota kwa wingi mawazo ya Montesquieu na Beccaria. Lakini mwaka huohuo watwana walipigwa marufuku kumpelekea mtawala malalamiko dhidi ya mabwana zao, na aliyethubutu aliadhibiwa kwa mjeledi na kupelekwa Nerchinsk. Vitabu peke yake, basi, havielezi mengi.

Hadhi ya kisheria ya makabaila inaeleza zaidi. Tamko la 1762 liliwaondolea wajibu wa kuitumikia serikali. Hati ya 1785 iliwakinga na adhabu ya viboko, tena ikazuia wasinyang'anywe mali bila hukumu ya mahakama. Hapo ndipo dhana ya mtu mwenye haki zinazomfunga hata mtawala ilipoanza kupata umbo. Kinaya ni kwamba miongoni mwa mali iliyolindwa walikuwamo binadamu.

Semyon Desnitsky alisoma Glasgow kuanzia 1761 hadi 1767, akahudhuria mihadhara ya Adam Smith. Aliporejea Chuo Kikuu cha Moscow alifundisha sheria kwa Kirusi badala ya Kilatini, na mwaka 1768 akampendekezea Malkia kutenganishwa kwa mamlaka ya kutunga sheria, kuhukumu na kutekeleza. Suala la lugha halikuwa dogo: haki isiyo na jina katika lugha ya watu ni vigumu kudaiwa mahakamani.

Alexander Radishchev, aliyesomeshwa sheria Leipzig kwa gharama ya Malkia huyohuyo, ndiye aliyeukabili utwana waziwazi. Kitabu chake kuhusu safari ya kutoka St Petersburg hadi Moscow, alichokichapa nyumbani kwake mwaka 1790, kilimletea hukumu ya kifo, iliyobadilishwa kuwa miaka 10 ya uhamisho Siberia.

Waasi wa Desemba 1825 walirithi mgogoro huo bila kuutatua. Nikita Muravyov, katika rasimu yake ya kwanza ya katiba, aliwapa watwana uhuru akawaachia makabaila ardhi. Utwana ulipokomeshwa mwaka 1861, wakulima walitakiwa kulipia vipande vya ardhi waliyokuwa wakiilima, na malipo hayo hayakufutwa hadi 1907.