Mumeo Uingereza amehama kazi: viza ya mwenzi muiombe lini?

Wewe uko Dongobesh, mumeo yuko Leicester. Karatasi za viza zimeshaanza kukusanywa, mara anapiga simu: amepata kazi nyingine, na mshahara umepanda. Ni habari njema, lakini msilipe ada ya maombi kabla ya kukaa na kalenda. Mshahara mkubwa zaidi unaweza kabisa kuleta barua ya kukataliwa, iwapo mtaomba katika mwezi usiofaa.

Kwanza hakikisheni kanuni hii inawahusu. Ni ya mtu ambaye mwenzi wake ni raia wa Uingereza, ana ukaazi wa kudumu huko, au amepewa hifadhi kama mkimbizi. Mumeo akiwa huko kwa viza ya kazi, wewe unaingia kwenye kanuni za wategemezi, ambazo ni nyingine kabisa. Walioajiriwa kama watoa huduma kwa wazee na wagonjwa walifungiwa mlango huo tangu 11 Machi 2024: viza yao mpya hairuhusu kuleta mke, mume wala watoto. Dalali akikwambia kwamba kuna njia ya pembeni, usimpe hela.

Kipato kinachotakiwa ni paundi 29,000 kwa mwaka, kabla ya makato. Kiwango hicho kilianza 11 Aprili 2024; kabla ya hapo, tangu 2012, kilikuwa 18,600. Wanandoa ambao maombi yao ya kwanza yaliingia kabla ya tarehe hiyo, na bado wako pamoja, wanaendelea na kile cha zamani wanapoongeza muda.

Sasa tuje kwenye kuhama kazi. Mwenye miezi sita au zaidi kwa mwajiri mmoja anapimwa kwa miezi hiyo sita: wa mshahara wa mwezi huangaliwa kiwango cha chini alicholipwa, wa malipo ya saa hupigiwa wastani. Ambaye hajafikisha miezi sita anapimwa mara mbili. Mshahara wake wa sasa lazima ufike 29,000 kwa mwaka, na jumla ya alichopokea kweli katika miezi 12 iliyopita, kwa waajiri wote, nayo lazima ifike 29,000. Akipita kipimo kimoja na kukwama kingine, amekwama.

Tuseme alikuwa akilipwa paundi 2,500 kwa mwezi, akakaa miezi miwili bila kazi, na sasa ana miezi mitatu kwenye kazi ya 2,700. Kwa mwaka kazi mpya ni 32,400, imepita vizuri. Lakini hesabuni miezi 12 ya nyuma: saba ya 2,500, miwili mitupu, mitatu ya 2,700. Inakuja 25,600. Mkiomba leo mtakataliwa, na ada ya maombi, inayopita paundi 1,900, hairudi. Tozo ya afya ya paundi 3,105 ndiyo hurudishwa. Mkisubiri miezi mitatu tu, anakuwa na miezi sita kamili kwa mwajiri mpya na ile miezi mitupu haiulizwi tena. Kwa maoni yangu, asiye na dharura asubiri. Aliyehama kazi bila kukaa hata wiki moja bila mshahara, na kote alikuwa juu ya kiwango, hana sababu ya kungoja.

Siku inayohesabiwa ni ile mnayotuma maombi na kulipia. Hati za mshahara na taarifa za benki ziwe zinaoana mwezi kwa mwezi, na ya karibuni zaidi isiwe imepitisha siku 28.

Kipato chako wewe cha ngano ya Basotu au vitunguu saumu vya Mbulu hakiingii kwenye hesabu hiyo. Nyumba ya kupangisha, hata ikiwa Katesh, inaweza kuingia, mradi iwe na hati ya umiliki kwa jina lako au la mumeo, mkataba wa pango, na kodi ya miezi 12 iliyopitia benki. Kodi inayopokelewa mkononi haiwasaidii kitu. Akiba nayo hukubaliwa, lakini anayeitegemea peke yake anahitaji paundi 88,500 zilizokaa benki miezi sita.

Upande wako kuna cheti cha ndoa. Waliooana kimila wana wajibu, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, wa kuiandikisha ndoa hiyo. Anzeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kama cheti chako kilizama kwenye tope la Katesh la 3 Desemba 2023, omba nakala iliyothibitishwa kutoka kwenye daftari la usajili. Utatakiwa pia kupima kifua kikuu na kufanya mtihani wa Kiingereza wa kiwango cha A1.

Na mkikataliwa? Kwa kawaida mna haki ya kukata rufaa ndani ya siku 28 tangu mpokee uamuzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliona kwamba kanuni ya kipato ni halali, lakini ikasema maslahi ya mtoto lazima yazingatiwe ipasavyo. Basi kama mna watoto, waelezeni kwenye maombi tangu mwanzo. Msithubutu kughushi hati ya mshahara: udanganyifu unaweza kuwafungia mlango kwa miaka 10.

Kabla mumeo hajaondoka kazi ya zamani, aombe barua ya mwajiri na hati zake zote za mshahara. Kama ameshaondoka, aziombe wiki hii.