UTUNGAJI: INSHA YA HOJA KUHUSU CHANZO NA MATOKEO

Swali la mfano: "Baridi ya Arusha ndiyo inayoleta mafua." Jadili kauli hii kwa kutoa hoja tatu.

Kuelewa swali

Mtahiniwa, neno "jadili" linakutaka uipime kauli, si kuikubali tu kwa kuwa umeisikia tangu utotoni. Watahiniwa wengi hukimbilia kuorodhesha dalili: makamasi, kikohozi na homa. Hizo hazijaulizwa. Kabla hujaandika, tenganisha mambo mawili: *chanzo*, yaani kinachosababisha ugonjwa; na *mazingira*, yaani yanayourahisishia kuenea.

Kupanga hoja

1. *Chanzo cha mafua ni virusi.* Virusi hutoka kwa mtu aliyeambukizwa anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza, au hubebwa na mikono. Baridi peke yake haizalishi virusi.

2. *Baridi huandaa mazingira.* Kati ya Juni na Agosti, Arusha, mji ulio kwenye miteremko ya Mlima Meru, huwa na baridi na mawingu. Abiria wa daladala la Kijenge hufunga madirisha. Wanafunzi bwenini hufanya hivyohivyo. Hewa haibadilishwi, na anayekohoa mmoja huwaambukiza wengi.

3. *Virusi havingoji baridi.* Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa Arusha, baada ya kuwasili kwa ndege akitokea Ubelgiji. Machi si mwezi wa baridi. Virusi vilisafiri na mtu, havikuletwa na hali ya hewa.

Aya ya mfano

"Ni kweli kwamba mafua huongezeka wakati wa baridi. Hata hivyo, baridi si chanzo chake. Watu wanapojifungia ndani, virusi hupata njia fupi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kwa hiyo, sweta huukinga mwili dhidi ya baridi, lakini haizuii virusi."

Angalia viunganishi: *ni kweli kwamba* hukubali, *hata hivyo* hupinga, *kwa hiyo* huhitimisha.

Hitimisho

Toa msimamo, kisha ushauri unaotokana na hoja zako: kufungua dirisha hata kidogo, kuziba mdomo kwa kiwiko, kunawa mikono kwa sabuni, na kutotumia antibayotiki kiholela, kwani haziui virusi. Usiandike kwamba anayekohoa atengwe kwa dharau. Huenda kesho ukawa wewe, na mtihani unakusubiri.

Zoezi

"Mvua ndiyo inayoleta kipindupindu." Jadili kauli hii kwa kutenganisha chanzo na mazingira.