CHAKULA HAI CHA VIFARANGA VYA KAMBARE



Katika vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita wapo wakulima wanaofuga kambare, au mumi kama wengi tunavyomwita. Kambare anavumilia maji machache yenye tope. Nyama yake inauzika. Vifaranga vyake navyo vina soko, maana wavuvi wa sangara wa Ziwa Viktoria huvitia kwenye migonzo kama chambo.

Lakini mara nyingi vifaranga vichanga hufa vingi katika wiki ya kwanza. Mkulima amevipa pumba, navyo havili. Fedha yake imepotea. Je, tufanyeje?

Kwa nini vinakufa?

Tuanze na sato. Mama sato huatamia mayai mdomoni mwake. Watoto wakitoka wana nguvu, wanaanza kula unga wa pumba. Kambare hafanyi hivyo. Kifaranga chake hutoka kidogo mno. Kwa siku tatu hivi kinaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Kiini kikiisha, kinataka chakula kidogo, laini, tena kinachotembea. Pumba haitembei. Inazama, inaoza, inachafua maji.

Chakula kinachofaa sana ni watoto wa uduvi wa maji ya chumvi, aitwaye artemia. Mayai yake ni makavu, madogo kama vumbi. Hukaa miaka mingi bila kuoza, kama mbegu ghalani. Mengi yanayouzwa duniani hutoka katika ziwa la chumvi la Utah, Marekani. Hapa jirani, Kenya, uduvi huu ulipandikizwa miaka ya 1980 katika mashamba ya chumvi ya pwani, kaskazini ya Malindi.

Namna ya kuangua

1. Chukua beseni pana, safi. Tia maji safi lita 2. Kina kisizidi vidole vitatu, ili hewa iingie. Hivyo hutahitaji pampu.

2. Tia chumvi ya kupikia, vijiko 4 vya chakula vilivyosawazishwa. Koroga mpaka iyeyuke.

3. Nyunyiza mayai juu ya maji, nusu kijiko cha chai. Usizidishe. Yakisongamana, watoto watakosa hewa.

4. Weka beseni mahali penye mwanga na joto, lakini si juani. Joto la nyuzi 25 hadi 28 ndilo zuri. Baada ya saa 24 utaona vidoa vya rangi ya machungwa vinaogelea. Wakati wa baridi ngoja mpaka saa 36.

5. Funika nusu ya beseni kwa ubao. Upande wa pili weka taa. Watoto wa uduvi hufuata mwanga. Maganda huelea juu, mayai mabovu hubaki chini.

6. Wanyonye watoto kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa cha pamba, kisha wasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maganda yasiingie, maana yanaweza kuziba matumbo ya vifaranga.

7. Lisha mara moja. Uduvi akikaa bila kula anapungua nguvu, na chakula chenyewe kinapungua ubora.

Lisha kidogo kidogo, mara nne au zaidi kwa siku. Ndani ya maji baridi uduvi huishi saa chache tu, akifa ataoza. Baada ya wiki moja hivi, anza kuchanganya na chakula cha unga laini.

Mayai haya ni ghali. Basi nunueni kwa kikundi, mgawane. Kopo likifunguliwa, lifungeni vizuri lisiingie unyevu. Asiyeweza kununua achimbe kishimo, atie maji na samadi kidogo. Maji yakiwa ya kijani huja viroboto vya maji. Awachote kwa kitambaa, awape vifaranga.

Hadhari kwa wenzetu wa machimboni

Usitumie maji ya mashimo ya kuoshea dhahabu, wala usifuge samaki humo. Maji yanaweza kuonekana safi, kumbe yana zebaki. Zebaki ikikaa kwenye tope hugeuka kuwa sumu kali zaidi. Sumu hiyo huingia ndani ya samaki, kisha ndani yetu. Kupika hakuiondoi. Inaharibu ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni mwa mama. Tumia maji ya kisima kilicho mbali na machimbo, au maji ya mvua. Ukiwa na wasiwasi, muone afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kuchimba bwawa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kifaranga cha kambare hakili pumba siku za kwanza?
2. Kwa nini tunatumia beseni pana, si ndoo?
3. Maji ya bwawa lako yanatoka wapi? Juu yake kuna nini?
4. Je, kikundi chenu kinaweza kununua kopo moja kwa pamoja?