Kukadiria Umri wa Saguaro: Mwongozo kwa Wapimaji na Wahamishaji wa Mimea

Shina la saguaro, kakati mkubwa wa jangwa la Sonora katika Arizona na kaskazini-magharibi mwa Meksiko, halina pete za mwaka za kuhesabiwa. Ndani yake mna nyama laini iliyojaa maji, ikishikiliwa na fito za mbao zilizopangwa kwa duara. Umri wowote unaoandikwa kwenye ripoti ni makadirio, na ni wajibu wa mpimaji kuutaja hivyo. Mteja atapenda kuambiwa kwamba kakati wake ana miaka 200. Kupenda kwake si ushahidi.

Makadirio huanzia kwenye urefu, lakini urefu hauongezeki kwa kasi moja. Mche huota chini ya kivuli cha mti mlezi, mara nyingi mpaloverde au mesquite, unaoukinga dhidi ya jua, baridi na wanyama. Katika Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, karibu na Tucson, mche wa miaka 8 huenda usizidi sentimita 4. Ukikomaa kidogo na kuweka akiba ya maji, kasi huongezeka. Matawi yakishaanza kutoka, shina kuu hupunguza mwendo. Maua ya kwanza huonekana mmea ukiwa na miaka 35 hivi. Matawi hutokea kati ya miaka 50 na 70, na kwenye maeneo makavu zaidi yanaweza kuchelewa hadi miaka 100. Mmea huhesabiwa kuwa mtu mzima ukifika takriban miaka 125, na wengi huishi miaka 150 hadi 175, wachache zaidi ya hapo. Kwa kuwa ukavu huchelewesha ukuaji, jedwali la umri lililotayarishwa kwa eneo moja halifai kuhamishiwa eneo lingine bila kurekebishwa kulingana na mvua ya mahali. Idadi ya matawi nayo ni kipimo dhaifu: wapo wazee wasio na tawi hata moja.

Unene haufai kabisa. Mikunjo ya shina hutanuka baada ya mvua na kusinyaa wakati wa ukame, hivyo mmea uleule hutoa vipimo viwili tofauti ndani ya mwaka mmoja. Njia ya kuaminika ni kurudia kupima urefu wa mimea iliyowekewa alama, kwa miaka mingi. Vitalu vya uchunguzi vya namna hiyo vipo kwenye kilima cha Tumamoc mjini Tucson, ambako maabara ya jangwa ilianzishwa mwaka 1903. Mpimaji wa leo huongeza mstari mmoja tu kwenye kumbukumbu itakayosomwa na mwingine. Tarehe, mahali halisi na njia ya upimaji visiachwe hata siku ya haraka.

Madhara ya kuamua upesi yanajulikana. Hifadhi ya Saguaro ilitengwa mwaka 1933 kwa ajili ya msitu wa saguaro wakubwa chini ya milima ya Rincon. Miaka michache baadaye wazee hao walianza kuoza na kuanguka. Lawama ikatupiwa bakteria, na mimea iliyoonekana kuugua ikang'olewa na kuzikwa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba baridi kali ndiyo iliyojeruhi tishu kwanza, na bakteria wakafuata. Saguaro wachanga walikosekana kwa sababu ng'ombe walikuwa wamekanyaga ardhi kwa miongo mingi na miti walezi ilikatwa kwa kuni. Malisho yalipokoma na vichaka kurejea, miche nayo ilirudi. Mmea unaoishi zaidi ya karne hauhukumiwi kwa misimu miwili.

Kanuni hiyo inawahusu zaidi wanaohamisha saguaro kupisha barabara na nyumba. Sheria ya Arizona inaulinda mmea huu, na kuutoa kwenye ardhi yake kunahitaji kibali na lebo ya idara ya kilimo ya jimbo. Kazi isianze kwa ahadi ya mdomo. Upande uliotazama kusini hutiwa alama kabla ya kuchimba na kurudishwa ulivyokuwa, kwa kuwa ngozi ya upande mwingine haijazoea jua hilo. Mizizi mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi, hadi umbali unaokaribia urefu wa mmea, na sehemu kubwa hukatwa wakati wa kuhama. Akiba ya maji huweza kuufanya mmea unaokufa uonekane mzima kwa miaka kadhaa. Dhamana ya miezi michache, ijapokuwa ni ya kawaida katika biashara, haimlindi mnunuzi ipasavyo. Usalama wa wafanyakazi hauhitaji hoja ndefu: saguaro mkubwa aliyeshiba maji huweza kuwa na uzito wa tani kadhaa, na mwaka 1982 mtu mmoja Arizona aliuawa na kakati aliyekuwa akimpiga risasi.

Kwenye shina yapo pia mashimo yaliyochongwa na vigogota, ambayo baadaye huwa makao ya bundi wadogo. Si dalili ya uzee wala ugonjwa. Mmea hujenga kovu gumu kuzunguka kila shimo. Ukaguzi wa mashimo hufanywa kabla ya kibali kuombwa, na yakiwa na makinda, kazi huahirishwa. Ratiba izingatie pia mavuno: Juni na Julai, Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, huvuna matunda ya saguaro kwa fito ndefu, haki iliyotangulia ramani za hifadhi; ratiba ya upimaji kwenye maeneo yao hupangwa nao, kwa idhini yao.