Mkondo Usiosafiri

Neno "mkondo" humfanya msomaji afikirie maji yateremkayo mtoni. Taswira hiyo yaufaa mkondo mnyoofu wa betri, ambao elektroni zake huelekea upande mmoja. Katika mkondo geu ufikao majumbani nchini Kenya, elektroni huenda na kurudi papo hapo mara 50 kwa sekunde. Kinachosafiri ni nishati. Hapo istilahi inapwaya. Hata hivyo, kugeuka huko ndiko kunakoiwezesha transfoma kupandisha au kushusha volti, kwani uga wa sumaku usiobadilika hauzalishi umeme katika waya wa pili. Ajabu ni kwamba njia ya umeme itokayo Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, iliyoanza kazi mwaka 2022, hutumia mkondo mnyoofu wa volti 500,000: katika umbali unaozidi kilomita 1,000, mkondo huo hupoteza nishati kidogo zaidi.